Usipopewa usteringi: maneno kwa wadogo zangu wanaoanza kuigiza

Wadogo zangu, kila baada ya usaili nawaona mkitoka mle chumbani nyuso zimewashuka. Ukiuliza kulikoni, jibu ni lile lile: "Nimepewa mlinzi." "Nimepewa shangazi wa bibi harusi, sini mbili tu." Tumekua na sinema ambazo steringi hafi, na asiye steringi hata jina lake hatulijui. Mimi nina miaka kumi na tisa kwenye kazi hii, jukwaani na kwenye tamthilia za televisheni, na usteringi nimeupata mara moja. Aliyenifundisha kuipenda kazi bila kuusubiri ni mtu ambaye sikuwahi kumwona kwa macho: mwigizaji Mwingereza Pete Postlethwaite.

Alizaliwa mwaka 1946 huko Warrington, mji wa viwanda ulio kati ya Liverpool na Manchester. Ujanani aliwaza upadri, kisha akasomea ualimu na kufundisha. Baada ya hapo ndipo alipoingia shule ya uigizaji ya Bristol Old Vic. Sura yake haikuwa ya mabango: mashavu yamebonyea, mifupa imechomoza, pua imekaa kama iliyowahi kupigwa ngumi. Jina nalo lilikuwa refu, gumu hata kwa Waingereza wenzake, na alishauriwa alibadilishe. Akakataa. Naanza na hili kwa sababu naona pesa mnazomaliza kwenye picha za studio na kutafuta jina la kisanii, wakati sauti bado haifiki safu ya tatu.

Miaka ya 1970 alikuwa Liverpool, kwenye ukumbi wa Everyman, jengo la mtaa wa Hope Street lililokuwa kanisa zamani. Pale alifanya kazi na Julie Walters, Bill Nighy na Jonathan Pryce, waigizaji waliokuja kuvuma baadaye, wote wakati huo hawajulikani. Ukumbi wenyewe ulikuwa wa watu wa mji ule: waliokuja kutazama walikuwa majirani, na jirani hakuoneshi adabu ya kupiga makofi kama hujamgusa. Tafuteni mahali pa namna hiyo. Kundi dogo linalofanya mazoezi kwenye ukumbi wa parokia au chini ya mwembe litakufundisha mengi kuliko kukaa mwaka mzima ukisubiri simu ya prodyuza. Na ukishaingia, kaa. Usihame kundi kila mara unapoona mwenzako kapewa nafasi kubwa kuliko yako.

Sinema iliyomtambulisha, Distant Voices, Still Lives, ilitoka mwaka 1988. Alikuwa na miaka 42. Humo ni baba wa familia ya Liverpool, baba anayepiga watu. Itazameni kwa ajili ya Krismasi tu. Usiku anaingia chumbani, watoto wamelala, anawatundikia soksi za zawadi na kuwaombea baraka kwa sauti ya chini kabisa, kama anayeogopa kusikika akipenda. Kesho yake familia imekaa mezani kimya, chakula kimeandaliwa, naye anakamata kitambaa cha meza kwa mikono miwili na kukivuta, kila kitu chini, kisha anaamrisha pasafishwe. Hakuna aliyemchokoza. Postlethwaite hakuigiza "baba mkali". Aliigiza mtu mmoja, mwenye usiku ule na mchana ule ndani yake, na ndiyo maana unamwogopa zaidi. Mkipewa baba wa kambo, mama mkwe au mganga, msiulize kwanza ni mwema au mbaya. Ulizeni anampenda nani, na kwa nini hawezi kumwambia.

Nami nilikosea hapo hapo. Mara ya kwanza kupewa mlinzi, nilitaka nionekane. Nikamtia kikohozi, nikamtia kuchechemea, nikamtia usingizi wa kukoroma. Sini iliporushwa nilikuwa nimebaki mgongo tu. Mengine yote yalikatwa, na yalistahili kukatwa. Miaka miwili baadaye nikapewa mlinzi tena. Safari hii nilikwenda kukesha na mlinzi wa mtaani kwetu. Nilichorudi nacho ni kitu kimoja: gari likisikika mbali, alikuwa ananyanyuka kabla taa hazijafika getini, na mkono wa kushoto unaweka kifuniko kwenye kikombe cha chai wadudu wasiingie. Nikakipeleka kwenye kamera hivyo hivyo. Mwongozaji hakusema neno, ila aliagiza kamera isogezwe karibu na kikombe.

Baadaye nikaiona The Town ya mwaka 2010, na Postlethwaite humo ni muuza maua wa Boston ambaye kumbe ndiye mkuu wa wahalifu. Anamtisha kijana, anamweleza alivyomharibu baba yake, na muda wote anatengeneza mawaridi, shina baada ya shina. Sauti haipandi. Mikono ina kazi yake, haiulizi mdomo unasema nini. Nilisimamisha picha nikairudia mara nne.

Kwa sisi wa huku kuna The Constant Gardener ya mwaka 2005, iliyopigwa Kenya, Kibera na hadi Loiyangalani kando ya Ziwa Turkana. Yeye ni Lorbeer, daktari aliyejificha jangwani na dhambi yake. Mwanzoni unamwona kidogo tu, amevaa koti jeupe, kisha anatoweka mpaka karibu na mwisho. Lakini muda wote mhusika mkuu anamtafuta, na siku anapompata, Postlethwaite ana dakika chache za kubeba siri yote ya sinema. Alizibeba. Nafasi fupi haina muda wa kupasha moto. Unaingia ukiwa umeshaiva.

Heshima nazo zilimfikia. Kwa kumwigiza Giuseppe Conlon, baba aliyefungwa pamoja na mwanawe kwa kosa wasilolitenda, katika In the Name of the Father ya mwaka 1993, aliteuliwa kuwania Oscar. Steven Spielberg, aliyemwongoza katika sinema mbili za mwaka 1997, alisema huenda ndiye mwigizaji bora kuliko wote duniani. Mwenyewe aliendelea kurudi jukwaani. Mwaka 2002 alibeba peke yake igizo zima la Scaramouche Jones, mchekeshaji wa sarakasi mwenye miaka mia moja, na mwaka 2008, akiwa na miaka 62, alirudi Everyman, pale pale Hope Street, kuwa King Lear, mfalme mzee wa igizo la Shakespeare.

Saratani ilipomzidi hakuacha. Katika sinema yake ya mwisho, Killing Bono, aliandikiwa nafasi inayoendana na nguvu alizobaki nazo. Alifariki tarehe 2 Januari 2011. Mwezi huo huo majina ya wanaowania BAFTA, tuzo za sinema za Uingereza, yakatangazwa, na lake lilikuwamo, kwa ajili ya yule muuza maua wa sini chache.