Maswali ya Wasomaji: Dettifoss kwa Gari Dogo

SWALI: Mwezi Juni tutazunguka Iceland kwa gari dogo la kukodi. Kwenda maporomoko ya Dettifoss, tupite barabara 862 au 864?

JIBU: Piteni 862, magharibi mwa mto. Kutoka Barabara Namba 1, ile inayozunguka nchi, ni lami hadi maegeshoni, kisha mnatembea kama kilomita moja juu ya mawe. 864 ni changarawe yenye mashimo; ukikimbiza gari, tairi hupasuka na mawe hupasua kioo, hasara ambayo bima ya kawaida mara nyingi hailipi. Mkitokea ziwa Mývatn, jazeni mafuta katika kijiji cha Reykjahlíð. Kulowa mtalowa tu: maji huanguka mita 44, na manyunyu huelekea zaidi magharibi. Vaeni viatu visivyoteleza. Kamera ifunikwe, kwani maji hayo ya barafu iliyoyeyuka yamejaa mchanga laini.