Kitenzi «manquer»: nani ana hamu na nani?

SWALI: Ninajifunza Kifaransa kwa kitabu kilichoandikwa kwa Kiingereza. Nilimwandikia rafiki yangu aliyeko Lyon «Je te manque», nikidhani nimemwambia kwamba nina hamu naye, naye akanijibu kwa mzaha kwamba najiamini mno. Nilikosea wapi? — Msomaji, Nairobi

JIBU: Ulichomwambia ni kwamba yeye ndiye mwenye hamu nawe. Kiingereza humtanguliza mwenye upweke, «I miss you», ilhali katika Kifaransa kiima ni yule asiyekuwapo, na mwenye hamu huwa yambwa: «Tu me manques». Anayepitia Kiingereza hulazimika kuipindua sentensi kichwani kabla ya kuitamka, lakini anayefikiri kwa Kiswahili ana njia fupi zaidi, kwa kuwa hata tunaposema «pesa zimeniishia», kiima ni kile kilichotoweka, na mimi niliyebaki mikono mitupu nimewekwa katikati ya kitenzi. Kitenzi hufuata idadi ya wasiokuwapo, hivyo wazazi wakiwa mbali utaandika «Mes parents me manquent», na mwenye hamu akitajwa kwa jina, «à» ni ya lazima: «Paris manque à Marie», yaani Marie ana hamu na Paris. Wakazi wa Quebec, nchini Kanada, wana pia «Je m'ennuie de toi», ambamo mwenye hamu amerudi kuwa kiima.

Kwa treni hakuna upinduzi wowote. Utasema «J'ai manqué le train», nimekosa treni, ingawa katika mazungumzo ya kila siku «J'ai raté le train» ndiyo husikika zaidi. Ukiongeza «de», maana huwa ni upungufu, na nomino kwa kawaida hukaa bila «le» wala «la»: «Elle manque de patience», amepungukiwa na subira. Wageni wakizidi mezani utasikia «Il manque deux chaises», vimepungua viti viwili, na hiyo «il» haimtaji mtu yeyote.

Anayeanza ningemshauri aiache kwanza «Il a manqué de tomber», nusura aanguke, kwa kuwa ina harufu ya vitabuni, na «Il a failli tomber» inamtosha kabisa. Lakini ukiagizwa usalimie nyumbani, jibu la adabu ni «Je n'y manquerai pas», nitazifikisha bila kukosa.