Mkanda wa pikipiki ya theluji hautaliweza tope la mbuga: jibu kwa msomaji wa Misungwi

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni afisa ugani wilayani Misungwi na ninatumia Honda XL ya 125cc kuwafikia wakulima wa mpunga. Mdogo wangu anasoma Alberta, Kanada. Ana pikipiki ya porini ya 450cc na anataka kununua vifaa vya kuigeuza iende kwenye theluji, yaani skii mbele na mkanda wa raba nyuma. Anasema akimaliza masomo atavileta nyumbani tuvifunge kwenye XL, kwa kuwa mkanda unaoelea juu ya theluji hauwezi kushindwa na tope la mbuga. Je, ni kweli? Na yeye azingatie nini kabla ya kununua?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Vifaa hivyo vitamfaa sana mdogo wako huko aliko, lakini asivisafirishe kuja huku, kwa sababu theluji si barabara tu ya mtambo huo bali ndiyo oili yake na ndiyo maji yake ya kupozea.

Ugeuzaji wenyewe haugusi undani wa injini. Fundi huondoa gurudumu la nyuma pamoja na swingamu, yaani mkono unaolishika gurudumu hilo, na mahali pake hufunga fremu ndefu yenye mkanda wa raba ambao mzingo wake kwa kawaida ni kati ya inchi 120 na 137, na upana wake unakaribia inchi 11. Cheni inayotoka kwenye sproketi ya injini huzungusha shafti ya kati, nayo huzungusha shafti nyingine yenye meno yanayoukamata mkanda kwa ndani. Breki ya nyuma huhamia kwenye mfumo huo wa shafti. Mbele, gurudumu hutolewa na skii moja hufungwa kwenye foki, kwa hiyo breki ya mbele haibaki na kazi. Waliovifanya vifaa hivi vijulikane sana ni Timbersled wa mji wa Sandpoint, jimbo la Idaho nchini Marekani, kampuni ambayo Polaris, watengenezaji wa mitambo ya theluji, waliinunua mwaka 2015.

Kuhusu kuelea, mdogo wako yuko sahihi. Wewe na XL yako mna kama kilo 190, na uzito huo wote unabebwa na viraka viwili vya tairi, kila kimoja kikiwa na ukubwa wa kiganja tu, kwa hiyo kila sentimita mraba inabeba karibu kilo moja. Pikipiki ya theluji pamoja na mpanda wake inaweza kufika kilo 230, lakini mkanda wake unagusa chini kwa zaidi ya sentimita mraba 3,000, ndiyo maana kila sentimita mraba hubeba gramu 70 hivi. Hesabu hiyo inavutia, nami nisingemlaumu mtu aliyeiona akadhani kwamba majaruba ya Misungwi yamepatiwa dawa.

Tatizo limo ndani ya mkanda. Tofauti na mkanda wa kifaru au wa buldoza, ambao uzito wake hubebwa na magurudumu mengi, mkanda huu una vigurudumu vichache tu, na sehemu kubwa ya uzito hukaa juu ya reli mbili zilizovishwa plastiki ngumu, huku vibanio vya chuma vilivyo upande wa ndani wa mkanda vikiteleza juu ya plastiki hiyo kwa kasi, muda wote, bila beringi na bila grisi. Kinachoiokoa plastiki hiyo ni theluji inayorushwa ndani ya fremu, ikayeyuka kwa joto la msuguano na kuwa utando mwembamba wa maji. Hata kule kwenye theluji, mpanda akifika mahali palipoganda na kuwa pagumu, hushusha vijiti vya chuma vyenye springi ambavyo huchokoa barafu na kuirushia kwenye reli, kwa sababu asipofanya hivyo reli huungua.

Plastiki hiyo ni ya jamii moja na mbao nyeupe zinazotumika viwandani kukatia minofu ya sangara. Baada ya kusoma swali lako nilichukua kipande cha ubao wa namna hiyo kilichokuwa karakanani kwangu Nyakato, nikakikandamiza kwenye puli ya chuma ya mashine ya kusaga ikiwa inazunguka. Kikiwa kikavu, kabla sijahesabu hadi sitini ukingo ulikuwa umelainika na puli imepata utando kama nta. Nilipokigeuza, kijana wangu akawa anamwagia maji kwa kopo, upande wa pili ulibaki na alama ya kung'aa tu. Plastiki hii huyeyuka kwenye nyuzi joto 130 hivi za Selsiasi, na msuguano mkavu huufikia upeo huo mapema kuliko watu wanavyodhani.

Utasema kwamba tope nalo lina maji. Ni kweli, lakini lina pia mchanga, ambao ukiingia kati ya chuma na plastiki hufanya kazi ya msasa. Isitoshe, theluji iliyoingia ndani ya mkanda husagika ikatoka, ilhali udongo mweusi wa mbuga hushindiliwa kama tofali. Wewe mwenyewe unajua unavyojaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu la mbele linagoma, ukashuka kuuchokoa kwa kijiti. Ukijaa hivyo kwenye meno ya shafti, mkanda utakazwa kupita kiasi, na hapo ama meno yatavunjika, ama beringi zitakufa, ama mkanda utachanika.

Injini nayo haitoshi. Pikipiki za 450cc zinazofungwa mikanda hii hutoa nguvu ya farasi karibu 50 au zaidi, na bado hufanya kazi kama zinazopanda mlima siku nzima. XL yako haifiki 15. Tena inapozwa kwa upepo, na katika mwendo wa taratibu wa topeni, kwenye joto letu, upepo huo haupo.

Kwa XL yako ningeshauri mambo yasiyo na gharama kubwa. Funga tairi za kashata, nyuma na mbele, na unapoingia mbugani punguza upepo hadi paundi 15 hivi, ukiwa umeweka kibano cha kuzuia tairi lisijizungushe kwenye rimu na kung'oa pini ya tyubu. Nyanyua madigadi ya mbele ili udongo upate pa kutokea. Kwa maoni yangu, hilo peke yake litakusaidia kuliko jambo lingine lolote. Ukipunguza jino moja kwenye sproketi ya mbele utapata nguvu zaidi kwenye mwendo mdogo. Pale ambapo tope limefika magotini, pawatila yenye magurudumu ya chuma au jozi ya maksai ndiyo itakayovuka.

Mwambie mdogo wako ahakikishe kwamba vishikio vya kufungia fremu ni vya aina na mwaka wa pikipiki yake hasa, kwa kuwa vya nyingine havitakaa. Kama vifaa vimeshatumika, apime unene wa plastiki ya reli na aushike mkanda akitafuta nyufa. Kwenye rejeta aweke themostati, kwa sababu kule shida ni injini kutopata joto la kutosha. Kama injini yake ni ya kabureta, ajue kwamba hewa ya nyuzi 20 chini ya sifuri ni nzito kwa karibu asilimia 19 kuliko hewa ya nyuzi 27, hivyo atahitaji jeti (kitundu cha kupitishia petroli) kubwa zaidi, la sivyo mchanganyiko utakuwa na petroli kidogo mno na pistoni inaweza kuungua.

Jambo lililobaki linahusu maisha yake. Milima ya Alberta ina maporomoko ya theluji, hasa kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, na pikipiki hii humfikisha mtu huko kwa urahisi mno. Asiende peke yake, na kila mmoja wao avae mwilini kifaa cha redio cha kutafutia aliyefukiwa, abebe fito ya kuchomekea na sepetu, na wafanye mazoezi ya kuvitumia kabla ya safari, kwa kuwa aliyefukiwa ana matumaini makubwa ya kutolewa akiwa hai ndani ya dakika 15 za kwanza, na watakaomfukua ni wenzake walio hapo hapo.