Kabla ya Kununua Mto wa Shingo, Pima Bega Lako

Juma lililopita msomaji mmoja, mwalimu wa sekondari, aliniandikia kwamba kila siku huamka shingo ikiwa imekaza upande wa kulia, kiasi kwamba humlazimu kugeuza mwili mzima ili amwone mwanafunzi aliyeuliza swali. Aliomba nimtajie mto mmoja tu ambao angeununua akipata mshahara. Swali lake limenigusa kuliko alivyotarajia, kwa hiyo ninalijibu kwa urefu, kwa kuwa naamini sote tunaosomana hapa tunataka kuamka tukiwa wepesi na kuingia kazini bila kujikandakanda.

Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga. Kazi yetu huinamisha shingo kutwa nzima, na kichwa cha mtu mzima, chenye uzito unaokaribia kilo 5, hubebwa na pingili 7 pamoja na misuli inayozizunguka. Usiku ndio wakati wa misuli hiyo kupumzika. Mto usipolingana na mwili wa mlalaji, shingo hulala imepinda na misuli hukesha kazini. Msimu wa sare za shule maumivu yangu yalianzia chini ya kisogo yakashuka hadi kwenye bega, na asubuhi sikuweza kutazama nyuma kabla ya kuvuka barabara.

Ndipo nikauziwa mto wenye bonde katikati na matuta mawili pembeni, ambao karatasi yake ilieleza kuwa ni wa tiba. Pengine ungemfaa mtu wa mabega mapana. Mabega yangu ni membamba, na kila nilipolala ubavu tuta lile lilikisukuma kichwa juu, shingo ikapinda upande wa pili. Isitoshe, ulikuwa wa ile sponji inayobonyea polepole na kutunza joto, na kwa joto la Tanga mwezi wa Februari, foronya ilikuwa ikilowa jasho kabla ya usiku wa manane. Nilipourudisha dukani nikiomba ulio mwembamba zaidi, muuzaji alinijibu mbele ya wateja wengine, "Mama, mto hauna tatizo, tatizo ni umri." Jibu lile linaniuma hadi leo, si kwa ajili ya umri, ambao sijawahi kuuficha, bali kwa sababu hakujishughulisha hata kuniuliza huwa ninalalaje.

Hilo ndilo swali la kwanza, ndugu zangu, na bei huja baadaye sana. Anayelala ubavu anahitaji mto unaojaza nafasi iliyopo kati ya sikio na godoro, ambayo hutegemea upana wa bega lake. Anayelala chali anahitaji mto mwembamba zaidi, uliojaa kidogo chini ya shingo, usiokisukuma kidevu kifuani. Anayelala kifudifudi huigeuza shingo upande mmoja kwa saa nyingi, na huyo namshauri ajizoeze kulala ubavu kabla hajatumia hata shilingi moja. Godoro nalo lihesabiwe, kwa kuwa godoro laini humeza bega na kudai mto mwembamba, ilhali gumu huliacha bega juu na kudai mto mnene. Ndiyo maana mto uliomfaa jirani yako unaweza kukuumiza wewe.

Kipimo changu nilifundishwa na mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, na hakigharimu chochote. Kunja taulo, lalia ubavu juu ya godoro lako mwenyewe, kisha uongeze mkunjo mmoja mmoja huku mtu wa nyumbani akikutazama kwa mbele, mpaka pua, kidevu na katikati ya kifua vikae katika mstari mmoja. Binti yangu ndiye aliyenitazama. Taulo zilipofika kimo kinachonifaa nilihisi misuli ya bega ikilegea yenyewe. Nikachukua tepu ya kupimia nguo, nikapima kimo cha taulo zile zikiwa zimelaliwa, nikashona mto wa usufi kwa kipimo hicho, ubavuni nikauwekea zipu ili niweze kupunguza au kuongeza konzi ya usufi kila inapohitajika. Leo wateja wanaoleta vitambaa vya magauni huondoka wameagiza na mto, na nasikia hata duka lile sasa linauza mito yenye zipu.

Acheni basi kurundika mito miwili mkidhani wingi ndio raha. Pimeni kwanza. Na msiutwike mto mzigo usio wake: mwenye ganzi au udhaifu mikononi, au aliyeanza kuumwa shingo baada ya ajali au kuanguka, aende hospitali, na shingo iliyokakamaa pamoja na homa na maumivu makali ya kichwa isisubiri hata kesho, kwani huenda ikawa homa ya uti wa mgongo.

Usufi una udhia wake. Lazima mbegu zichambuliwe zote kabla ya kuujaza, la sivyo zitakuchoma sikioni, na baada ya muda hushikana mabonge, hivyo huanikwa juani na kuchambuliwa upya. Vumbi lake halimfai mwenye pumu. Huyo namshonea wa faiba, ambao hufulika lakini huchoka mapema. Ukitaka kujua kama wa faiba umechoka, ukunje katikati kisha uuachie: usipojikunjua wenyewe, umekwisha kazi, hata kama foronya yake bado ni mpya.