Mkwaruzo wa gitaa katika mashine ya dijitali

SWALI: Mhariri, ninapiga gitaa katika bendi inayotumbuiza hotelini Nyali. Nimenunua mashine ya dijitali inayoiga ampilifaya, lakini kila niongezapo mkwaruzo (ile sauti nzito ya kukwaruza ya gitaa la roki), sauti hutoka kama nyuki waliofungiwa koponi. Nifanyeje?
Msomaji, Kisauni

JIBU: Hukutueleza umeiunganisha na nini, na hapo ndipo penye kiini cha tatizo. Spika ya gitaa ya inchi 12 hufifisha sana sauti za juu kuanzia takriban hezi 5,000 (mitetemo kwa sekunde), ilhali spika za ukumbi huzitoa zote, pamoja na ule mchirizo usiopendeza. Kwa hiyo, ukitumia spika za ukumbi, washa kiigizo cha kabati la spika (sehemu ya mashine inayoiga spika ya gitaa), kisha punguza sauti zilizo juu ya hezi 6,000 na zilizo chini ya 80. Ukitumia ampilifaya ya gitaa yenye spika yake, zima kiigizo hicho.

Pili, shusha geini (kidhibiti cha ukuzaji wa mwanzo wa sauti, kinacholeta mkwaruzo) hadi nusu. Katika ampilifaya nyingi za zamani za valvu (mirija ya kioo inayokuza sauti), sehemu kubwa ya mkwaruzo ilitokana na hatua ya mwisho ya kukuza sauti iliyofunguliwa sana, hivyo pandisha masta (volyumu kuu) badala ya geini. Mpangilio mzuri hukwaruza unapopiga nyuzi kwa nguvu na husafika unapopunguza volyumu ya gitaa lenyewe.

Mwisho, rekebisha yote kwa sauti ya jukwaani, kwani sikio husikia besi hafifu kwa sauti ndogo, na mpangilio wa chumbani hugeuka ngurumo ukumbini.