Maswali Yenu: Dula Anakaa, Haondoki

Safari hii wengi mlioandika mnataka kuishi kwa kazi ya udula, yaani kukaa na mama na kumtegemeza kabla, wakati na baada ya kujifungua, bila kumtibu. Naanza na swali ambalo halinipi nafasi ya kupumua.

Nimemaliza mafunzo. Mama akiniomba nimpime njia imefunguka kiasi gani, nimpime?

Hapana. Hupimi njia, husikilizi mapigo ya moyo wa mtoto, hutoi dawa, hukati kitovu. Nimeshalijibu hili mara tatu na nitalijibu vivyo hivyo mara ya nne. Dula anayeingiza vidole anaweza kumwachia mama maambukizi, hasa chupa ikishapasuka, na mambo yakiharibika hana la kujitetea. Waachie wakunga na madaktari kazi yao. Mikono yako ina kazi nyingine.

Mke wangu anataka dula. Mkunga yupo, na mimi nitakuwepo. Huyu wa tatu anafanya nini?

Anakaa, kaka. Mkunga ana vitanda vingine na fomu za kujaza, na zamu yake inaweza kuisha njia ya mkeo ikiwa imefunguka sentimita saba. Wewe unampenda, lakini kama hujawahi kuuona uchungu, hofu yako ataisoma usoni. Dula hatoki. Uchungu ukimshika mama mgongoni, kama inavyotokea mara nyingi kisogo cha mtoto kikielekea uti wa mgongo wa mama, dula anampigisha magoti, mikono chini. Anaweka kiganja juu kidogo ya makalio na kukandamiza kwa uzito wa mwili wake mpaka uchungu upite. Analegeza, anampa maji, wanasubiri mwingine. Nimewahi kukandamiza hivyo tangu alfajiri hadi adhuhuri, na neno pekee nililopewa ni "hapohapo". Na wewe atakuonyesha pa kuweka kiganja, mpokezane. Hakufukuzi.

Ushahidi upo. Mapitio ya mwaka 2017 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za afya, yalikusanya majaribio 26 yenye wanawake zaidi ya 15,000 katika nchi 17. Waliokuwa na mtu wa kuwategemeza mfululizo walijifungua zaidi kwa njia ya kawaida, waliofanyiwa upasuaji walikuwa wachache zaidi, na uchungu ulikuwa mfupi kidogo. Shika hilo neno mfululizo. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani nalo lilipendekeza kila mwanamke awe na mwenzi aliyemchagua mwenyewe wakati wa kujifungua.

Nichukue akina mama wangapi kwa mwezi ili kipato kitoshe?

Wawili. Watatu kama una mbadala unayemwamini na mama ameshakutana naye ana kwa ana. Mbadala wa kutafutwa usiku wa manane hafai.

Tarehe ya kujifungua anayopewa mama kliniki ni makisio. Takribani mtoto mmoja tu kati ya 20 huzaliwa siku hiyo yenyewe. Kwa hiyo tangu wiki ya 38 hadi ya 42 simu yako haizimwi, husafiri mbali, na watoto wako wana mtu wa kuwaangalia hata saa tisa usiku. Mwaka wangu wa pili nilikubali akina mama wanne kwa mwezi mmoja, kwa sababu kodi ya nyumba ilikuwa imenibana. Wawili wakashikwa na uchungu usiku mmoja. Nilimwacha wa kwanza akiwa amenishika mkono, nikamwambia narudi baada ya saa moja. Nilirudi mtoto ameshavalishwa. Hakunilaumu. Aligeukia ukutani tu, na pesa yake nilimrudishia yote.

Basi panga bei kwa hesabu ya saa zako zote: ziara mbili kabla, wiki nne za kusubiri simu, uchungu wenyewe unaoweza kupita saa 18, na ziara baada ya kujifungua. Andika mkataba. Pokea malipo ya awali mnapokubaliana na yaliyobaki kabla ya wiki ya 37. Kipato cha kutegemewa kitafute kwenye kazi zenye tarehe: masomo ya wajawazito, na kumhudumia mama aliyejifungua, mchana, nyumbani kwake. Madula wengi wazuri niliowaona wakiacha kazi hii waliishiwa nguvu, wateja walikuwepo.

Naambiwa nifanye bure kwanza nipate uzoefu.

Uzazi wa kwanza mmoja au miwili, ukiwa chini ya dula mzoefu, sawa. Baada ya hapo toza. Kumsaidia mama asiye na uwezo ni jambo jingine na ni jema. Amua mwenyewe wangapi kwa mwaka, usiamuliwe na wenye uwezo.

Kuna mizizi ya kuharakisha uchungu. Nimpe mteja?

Usimpe! Hujui nguvu yake, na mji wa mimba ukibanwa kupita kiasi mtoto hukosa hewa. Mama mwenye kovu la upasuaji anaweza kupasuka kizazi. Akikuambia ameshakunywa, mshauri amwambie mkunga palepale, bila kufokewa na wewe.

Mteja wangu ana wiki tatu tangu ajifungue. Analia kila siku, anasema ni uchovu.

Machozi ya siku za mwanzo ni ya kawaida na kwa kawaida hayapiti wiki mbili. Huyu amepita. Muulize wazi kama analala pale mtoto anapolala, na kama amewahi kufikiria kujidhuru au kumdhuru mtoto. Kuuliza hakumtii wazo kichwani. Kisha nenda naye kwa mhudumu wa afya, usimwelekeze tu kwa simu. Akijibu ndiyo kwenye hilo la pili, ni leo hii hii, na asibaki peke yake hata dakika moja.

Ikiamuliwa upasuaji, kazi yangu imekwisha?

Haijaisha. Wakikuruhusu, kaa upande wa kichwa chake, nyuma ya pazia, umwambie kinachoendelea, kwa sauti ya chini. Wasipokuruhusu, ngoja mlangoni, awe na uso anaoufahamu akitolewa.