Filamu ya kutisha inaweza kuanza saa saba mchana

Vijana wa hapa Mwanza wakiniletea filamu zao fupi nizitazame, na hadithi ikiwa ya mauaji au uchawi, dakika ya kwanza huwa ileile. Usiku, radi, mbwa anabweka, kinanda kinanguruma, mtu aliyevaa koti anatembea akitupa mgongo. Bado sijui nani anaogopwa wala kwa nini, ila nimeshaamriwa niogope. Basi siogopi. (Afadhali hiyo kidogo kuliko ule mwanzo mwingine wa Bongo Muvi: geti linafunguliwa, gari linaingia, mlinzi anapiga saluti, gari linaegeshwa, na sisi tunasubiri.)

Kwa uzoefu wangu wa kushuti huku kanda ya ziwa, uzito wa mwanzo hauletwi na usiku. Unaletwa na kitu kimoja unachomnyima mtazamaji huku ukimwonyesha vingine vyote bila kificho.

Chukua The Shining ya Stanley Kubrick, ya mwaka 1980. Inaanza mchana kweupe. Ziwa limetulia, milima inajitazama majini, gari dogo la njano linapanda barabara ya milimani. Hakuna damu, hakuna anayelia. Lakini kamera imo ndani ya helikopta, inalifuata gari kwa nyuma, inalikaribia, kisha inalipita na kulitupa kando kama vile haina shida nalo. Unabaki unajiuliza: huyu anayetazama kutoka juu ni nani? Kubrick hakujibu. Chini ya picha hizo kuna muziki wa Wendy Carlos na Rachel Elkind, uliojengwa juu ya Dies Irae, wimbo wa kale wa Kilatini wa misa ya wafu. Macho yanaona utalii, masikio yanasikia msiba.

Huhitaji helikopta. Hata droni si lazima, na ukitaka kuirusha kumbuka kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Mwanza tumejaliwa milima na mawe. Panda kwenye majabali ya Igogo au Mabatini, weka kamera juu ya stendi, ivute picha kwa lenzi ndefu, na umwache mhusika wako apande peke yake katikati ya zile nyumba zilizong'ang'ania miamba. Usimfuate. Apotee nyuma ya ukuta, atokee kwingine, apotee tena, na kamera isimsaidie. Jua linawaka, watoto wanacheza, na bado kuna kitu hakiko sawa.

Mfano ulio karibu zaidi na sisi ni ule ambao wengi hapa hawapendi kuusikia. Darwin's Nightmare, filamu ya kweli (si ya kubuni) ya Hubert Sauper, ya 2004, ilipigwa hapahapa Mwanza, kuhusu biashara ya minofu ya sangara. Rais Kikwete aliikosoa hadharani mwaka 2006, na hata leo ukiitaja kwa watu wazima wa Kirumba utapata mjadala wa kutosha. Mimi nasema ugombane nayo, lakini uusome mwanzo wake. Kivuli cha ndege kinateleza juu ya maji ya ziwa. Ndege yenyewe huioni. Halafu tunaingia mnarani uwanja wa ndege, na mwongoza ndege anahangaika kumuua mdudu kwenye kioo. Ni mambo ya kawaida kabisa, lakini mpangilio wake umeshakufanya uhisi kwamba kinachokuja juu ya ziwa hili si cha heri, na hakuna aliyekupa ushahidi wowote bado. Hapo ndipo pa kujihadhari kwa anayetengeneza filamu ya kweli: mwanzo mzito ni hukumu inayotangulia kesi. Kwenye hadithi ya kubuni hiyo ni haki yako. Ukipiga watu halisi, na mji halisi, ujiulize mara mbili. Na kuzama kwa meli ya MV Bukoba ziwani humu, Mei 1996, usikuchukue kama pambo la kutishia watu. Familia ziko hapa.

Sasa taa. Mpigapicha Gordon Willis, kwenye The Godfather (1972), alining'iniza taa juu ya vichwa vya waigizaji, nyuso zikapata mwanga huku macho yakibaki kwenye kivuli. Skrini ni nyeusi, sauti ya mzee inaanza kuomba haki, uso wake unajitokeza, na picha inarudi nyuma polepole mno hadi tunaona kichwa cha yule anayeombwa, kwa kisogo. Nje ya ofisi hiyo kuna harusi na jua kali. Giza la ofisi ile linatisha kwa sababu ya harusi.

Sisi tuna karabai. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku usio na mbalamwezi, na ingawa siku hizi wengi wamehamia taa za sola, karabai moja bado unaweza kuazima mwaloni, pale mitumbwi inapofikia. Mwanga wake unakufa haraka: mtu akirudi hatua chache tu, usiku umemmeza. Iweke chini, karibu na maji, uso upate mwanga kutoka chini na ubavuni. Kamera ya simu ukiiacha ijipangie mwanga yenyewe itang'arisha kila kitu na picha itajaa chengachenga, kwa hiyo gusa skrini pale penye uso, ushikilie mpaka ifunge kipimo cha mwanga, kisha shusha mwanga kwa kidole. Ngozi zetu nyeusi zikipunguziwa mwanga ovyo zinageuka doa. Paka mafuta kidogo kwenye paji na mashavu ili taa ya ubavuni ipate mahali pa kung'aa. Kazi hiyo inafanywa na mafuta ya mgando ya dukani.

Sauti rekodi peke yake, siku nyingine ikibidi: maji yakipiga ubao wa mtumbwi, injini ya mbali inayozimika ghafla. Ile injini ikizimika, usiweke muziki. Acha.

Ila ujue filamu yako ikifika kibanda umiza, yaani banda la mtaani la kuonyeshea video, ukimya wako wote utajazwa na mtafsiri mwenye kipaza sauti, naye hana huruma. Kwa hiyo kabla hujaitoa, zima spika za kompyuta, mwite mtu asiyeijua hadithi, mwonyeshe dakika ya kwanza tu, kisha muulize anadhani nani atapatwa na jambo. Akikutajia mhusika, endelea kuediti. Akisema picha ni nzuri, rudi lokesheni.